Tuliambiwa Tusubiri

Kikombe cha baba kilikuwa kimefunikwa juu ya kabati dogo la kando ya kitanda. Muuguzi wa usiku ndiye aliyekifunika saa nne, akamwambia, "Mzee, kuanzia sasa usile wala usinywe kitu. Asubuhi unaingia thieta." Baba akaitikia, akalala. Kulipokucha alikuwa ameshaketi kitandani, amevaa lile gauni la kijani linalofungwa kwa nyuma, miguu inaning'inia, anasubiri kuitwa. Ikafika saa tatu. Ikafika saa tano. Saa saba mchana kikombe kilikuwa palepale, na baba alikuwa ameacha kuzungumza. Alikuwa akilamba midomo iliyokauka na kukitazama kile kikombe, kisha anageuza uso ukutani.

Nilikwenda kwenye meza ya wauguzi mara tatu. Mara ya kwanza niliambiwa, "Subiri, wataita." Mara ya pili, "Bado hawajaita." Mara ya tatu dada aliyekuwa pale hakuinua macho kutoka kwenye faili, aliniinulia kiganja tu. Mara ya nne alikwenda mdogo wangu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mdogo wangu ni mtu mpole. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, akajibiwa kwa mkato. Akauliza tena, sauti imepanda, akaambiwa kwamba kama anaona anacheleweshwa amchukue mzee wake ampeleke kwingine. Baada ya hapo sikumbuki nani alisema nini. Nakumbuka wagonjwa wakigeuza vichwa, mtoto wa kitanda cha pili akianza kulia, na mlinzi akija kwa hatua ndefu kutoka mlangoni. Nilipomshika mdogo wangu mkono ili nimtoe nje, niliusikia unatetemeka. Kule nje akaniambia kilichokuwa kikimla tangu alfajiri: alidhani vipimo vya baba vimeonyesha jambo baya, upasuaji umefutwa kwa kuwa hakuna la kufanya tena, na hakuna mwenye moyo wa kutuambia. Alikuwa amebeba msiba mzima kifuani kwa saa saba, peke yake, na msiba wenyewe haukuwapo.

Tuliporudi ndani tulimkuta muuguzi mwingine, mama wa makamo, amevuta kiti na kuketi kando ya kitanda cha baba. Alisubiri tufike, kisha akaanza.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye msimamizi wa wodi hii mchana huu. Najua una njaa na kiu tangu jana, na najua hakuna aliyekueleza kitu, tusamehe kwa hilo. Usiku aliletwa mama mjamzito anavuja damu. Alfajiri akaletwa mtu wa ajali. Wote wawili wasingeweza kungoja. Wewe umebaki kwenye orodha, hujafutwa, na sasa ni wa pili. Hutaingia kabla ya saa kumi. Nimempigia daktari wa ganzi, amesema maji matupu unaweza kunywa sasa hivi, chakula bado. Nitarudi hapa saa tisa na nusu nikwambie tumefika wapi, hata kama sina jipya."

Akakifunua kikombe mwenyewe, akamimina maji, akamshikia baba.

Yote yale hayakuchukua dakika mbili. Baba aliingia chumba cha upasuaji saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo tulisubiri saa nyingine tatu na nusu, kwenye wodi ileile, kwa foleni ileile, na mdogo wangu aliyekuwa karibu kutolewa na mlinzi alilala usingizi kwenye benchi ya nje, mdomo wazi. Muuguzi alirudi saa tisa na nusu. Kweli hakuwa na jipya. Alisema, "Bado wa kwanza hajatoka," baba akamshukuru.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi kuliko ninavyoifikiria operesheni yenyewe, ambayo ilikwenda vizuri. Nimesoma nilichoweza kusoma, nimewasumbua kwa maswali marafiki na ndugu wanaofanya kazi wodini, na nimefika mahali ambapo naamini jambo moja kwa uzito wote: habari anayopewa mgonjwa ni sehemu ya matibabu yake kama dawa ilivyo, na ugomvi wa hospitalini mara nyingi huanza pale habari ilipokatika. Tena pale ilipokatika huwa mbali na pale makelele yanaposikika.

Tuanze na mwili, kwa sababu watu wengi wakisikia "mawasiliano" wanafikiria tabasamu na adabu. Kile kikombe kingeweza kufunuliwa mapema. Miongozo ya madaktari wa ganzi inaruhusu mtu mzima asiye na tatizo maalumu kunywa maji matupu hadi saa mbili kabla ya kupewa ganzi. Chakula chepesi ndicho kinachotakiwa kikome saa sita kabla. Baba alikaa zaidi ya saa kumi na tano bila tone la maji kwa sababu tu hakuna aliyeiambia wodi kwamba zamu yake imesogezwa. Mzee wa umri wake akikauka hivyo anapata kizunguzungu na kichwa kinamuuma, na hata mshipa wa kumwekea dripu unakuwa shida kuupata. Yale yalikuwa madhara ya mwilini, na yaliletwa na simu ambayo haikupigwa.

Kuna utafiti mmoja wa zamani ambao natamani kila anayevaa sare ya hospitali aujue. Mwaka 1964 madaktari wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya kazi yao na wagonjwa 97 waliofanyiwa upasuaji wa tumbo. Wote walihudumiwa kama kawaida, lakini sehemu ya wagonjwa hao walipata kitu cha ziada: daktari wa ganzi alikwenda kuwaeleza kwamba wakizinduka watasikia maumivu, yatakuwa sehemu gani, yatadumu muda gani, kwamba ni kawaida kwa kuwa misuli ya pale inakaza, na namna ya kupumua, kuilegeza na kujigeuza kitandani. Madaktari wa upasuaji na wauguzi wa wodi hawakuambiwa nani yuko kundi gani. Wale walioelezwa walitumia karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu waliyotumia wenzao, na waliruhusiwa kwenda nyumbani siku mbili na zaidi mapema. Kidonda kilikuwa kilekile na kisu kilekile. Waliongezewa maelezo tu.

Ukishalijua hilo, inauma zaidi kuona jinsi maneno yanavyobaniwa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walirekodi mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa wao. Daktari aliuliza una shida gani, mgonjwa akaanza kueleza, na kwa wastani baada ya sekunde 18 alikuwa ameshakatizwa. Hesabu sekunde 18 polepole uone kama unaweza kueleza maumivu yaliyokusumbua miezi mitatu. Ukimuuliza daktari kwa nini, atakwambia foleni ni ndefu, na akimwachia mgonjwa aseme hatanyamaza. Jibu la hoja hiyo lipo. Mwaka 2002 madaktari wa Basel, Uswisi, waliwaacha wagonjwa 335 wazungumze mpaka wamalize wenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Dakika moja na nusu ndiyo tunayoiogopa kiasi hicho.

Na kile kiti alichokivuta yule mama wa makamo kina kazi yake pia. Katika hospitali moja ya chuo kikuu huko Kansas walipima jambo hilo, wakatangaza mwaka 2012: daktari aliyeketi alipomtembelea mgonjwa wa upasuaji wa mgongo alionekana kwa mgonjwa kuwa amekaa naye muda mrefu kuliko aliyesimama, wakati saa ilionyesha muda wake haukuwa mrefu zaidi. Aliyesimama, hata kama anasema maneno mazuri, miguu yake inasema naondoka.

Halafu kuna jina. Katika saa zote zile za kwanza sikujua jina la mtu hata mmoja niliyezungumza naye. Kate Granger, daktari wa Uingereza aliyekuwa anaugua saratani, alilazwa mwaka 2013 na kugundua kwamba wengi waliokuja kitandani kwake kumtibu hawakujitambulisha. Mmoja aliyejitambulisha na kumgusa moyo sana alikuwa mhudumu wa kusukuma vitanda. Kutoka kitandani kwake akaanzisha kampeni yenye maneno machache, "Habari, jina langu ni…", na wafanyakazi wa afya wengi wakaanza kubandika maneno hayo kifuani. Alifariki mwaka 2016. Mimi ninavyoona, jina linafanya jambo kubwa kuliko heshima peke yake: linampa mgonjwa mtu wa kumuuliza. Aliyeambiwa "mimi ni fulani, nipo mpaka saa mbili usiku" ana mahali pa kupeleka hofu yake. Asiyeambiwa huipeleka kwa yeyote anayepita, na akipuuzwa na watatu, wa nne ndiye anayelipia.

Sasa nirudi kwa yule dada wa mezani, kwa sababu nilimhukumu vibaya.

Siku ya pili baada ya upasuaji mdogo wangu alimfuata kumwomba radhi. Nilikuwa naye. Dada yule alikuwa anamaliza zamu, amevua viatu vya kazi na kuvaa vya nyumbani, macho mekundu. Alisikiliza, kisha akasema, "Kaka, mimi nilipiga simu thieta mara tatu tangu asubuhi. Mara mbili haikupokelewa, mara moja nikaambiwa nisubiri. Wa usiku alipokuwa ananikabidhi hakuniambia kwamba kuna dharura imeingia. Nilikuwa na wagonjwa ishirini na nane na sikujua lolote kuliko ninyi. Niliona aibu kukwambia sijui."

Maneno hayo yaligeuza kila kitu kichwani mwangu. Tulikuwa tumemwona kama ukuta uliosimama kati yetu na habari, kumbe naye alikuwa upande wetu wa ukuta. Aliambiwa asubiri, akatupa "subiri" ileile aliyopewa. Ugomvi ulitokea mezani kwake, lakini mzizi wake ulikuwa kwenye makabidhiano ya zamu ya alfajiri na kwenye simu iliyolia chumbani bila mtu kuinyanyua. Watu wawili waliofichwa jambo lilelile walikuwa wanakaripiana.

Ndiyo maana sipendi mafunzo ya "huduma kwa mteja" yanayowakalisha wauguzi ukumbini na kuwafundisha kutabasamu. Unamfundisha mtu kutabasamu ilhali hana la kumwambia mgonjwa? Kama wodi haijui kinachoendelea thieta, maabara haiijui wodi, na wa usiku amemkabidhi wa mchana kwa kusema "wote wako salama" huku anavaa koti, hakuna sauti ya upole itakayoziba pengo hilo. Mgonjwa anapokea mwisho wa mnyororo. Ukikatika juu, yeye ndiye anayebaki mikono mitupu.

Makabidhiano yanaweza kurekebishwa, na faida yake imeshapimwa. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali tisa zilizowafundisha madaktari wa watoto kukabidhiana kwa utaratibu mmoja: mgonjwa ana hali mbaya kiasi gani, kwa ufupi ameletwa na nini, yapi yamebaki kufanywa, nini kinaweza kutokea na ukiona hivyo ufanye nini, na mwisho anayepokea anarudia kwa maneno yake ili ijulikane amesikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara ambayo yangeweza kuzuilika yakapungua kwa asilimia 30. Muda wa kukabidhiana haukuongezeka. Hebu fikiria siku ile wa usiku angesema, "Kitanda cha sita yuko tayari, lakini thieta imeshikwa na dharura, kwa hiyo atachelewa, ulizia kama anaweza kupewa maji." Sentensi moja. Mlinzi angebaki mlangoni kwake.

Kuna utaratibu mwingine mfupi zaidi uliozaliwa kwenye nyambizi za jeshi la maji la Marekani, ambako mtu akimweleza mkubwa wake jambo kwa mzunguko watu wanaweza kufa. Hospitali ziliuchukua kwa ajili ya simu kama ile ya muuguzi anayempigia daktari usiku. Unasema hali ikoje sasa hivi, ilikotoka, wewe unaionaje, na unataka afanye nini. Rafiki yangu mmoja ni muuguzi wa miaka mingi, na ananiambia hicho kipande cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote. Muuguzi kijana anaweza kueleza presha imeshuka, mgonjwa anatokwa jasho, lakini kusema "daktari, naomba uje umwone sasa" kunamshinda, anaogopa kukemewa. Anaishia kusema "nilitaka tu ujue." Daktari anajua, anageukia upande wa pili, analala.

Woga huo unalelewa na ukali wa wakubwa, na ukali una gharama. Mwaka 2015 watafiti wa Israel walitangaza jaribio walilolifanya kwa timu 24 zinazohudumia watoto wachanga mahututi. Timu zilikuwa kwenye mafunzo ya mgonjwa wa kuigiza, na baadhi yao zilitupiwa maneno ya dharau na mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu mgeni. Waliodharauliwa walitambua ugonjwa vibaya zaidi, mikono yao ilifanya kazi vibaya zaidi, na waliacha kupeana habari na kuombana msaada. Kwa hiyo daktari bingwa anayemfokea muuguzi mbele ya wagonjwa wakati wa kupita wodi anafanya zaidi ya kumuaibisha. Anamfundisha kunyamaza, na kunyamaza huko kutamfikia mgonjwa wa kitanda cha mwisho kabla jua halijazama.

Lugha yenyewe nayo inatosha kugombanisha watu. Nimemwona mama akianza kulia kwa kuambiwa majibu ya mwanawe ni "hasi". Neno hilo nje ya maabara lina maana mbaya, na hakuna aliyemwambia kwamba humo ndani ndilo alilokuwa akiliombea. "Chanya" nayo inawafurahisha watu ambao wangetakiwa kuketi chini kwanza. Kuna haja gani ya neno la maabara kufika kwa mgonjwa likiwa bichi? "Mtoto wako hana ugonjwa tuliokuwa tunauogopa" yanatosha, na hayahitaji kamusi.

Siku baba aliporuhusiwa, alipewa bahasha tatu za vidonge na maelezo ya haraka, akawa anaitikia "ndiyo daktari, ndiyo daktari." Nami niliitikia. Kesho yake asubuhi nilimkuta amemwaga vidonge vitatu kiganjani, kwa sababu bahasha iliandikwa 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, naye aliisoma kama kimoja, kisha kimoja, kisha kimoja, kwa mpigo. Nilimshika mkono. Baba yangu anajua kusoma na kuandika vizuri sana. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2003 yanasema mgonjwa husahau papo hapo kati ya asilimia 40 na 80 ya anayoelezwa na watabibu, na karibu nusu ya anayodhani anayakumbuka si sahihi. Swali la "umeelewa?" halisaidii, maana mzee gani atamjibu kijana mwenye koti jeupe kwamba hajaelewa? Swali linalosaidia ni lile linalobebesha mzigo aliyeeleza: "Mzee, nimeongea haraka. Hebu tuone kama nimeeleza vizuri: ukifika nyumbani utamwambiaje mama kuhusu dawa hizi?" Vile vidonge vitatu vingeonekana palepale dirishani.

Kuhusu ghasia zenyewe, sitaki mtu asome makala hii na kudhani natetea anayemfokea muuguzi, sembuse anayempiga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wafanyakazi wa afya hupata kupigwa au kuumizwa kazini katika maisha yao ya kazi. Ni watu waliokwenda kuokoa. Hakuna kuchelewa kunakohalalisha hilo, na yule dada wa mezani hakustahili alichofanyiwa. Ninachosema ni kwamba mlinzi anafika mwisho kabisa wa kisa, ilhali kisa kilikuwa na nafasi nyingi za kuzuilika kabla yake.

Waingereza walijaribu kuziba mojawapo ya nafasi hizo kwa mabango tu. Katika idara za dharura za hospitali mbili, moja ya London na moja ya Southampton, waliweka ukutani maelezo ya wazi: hapa uko hatua gani, nini kinafuata, kwa nini aliyekuja baada yako anaweza kuingia kabla yako, hali ya msongamano ikoje sasa. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kwamba vitendo na ishara za ukali zilipungua kwa nusu, na robo tatu ya wagonjwa walisema mabango yale yaliwapunguzia kero. Hicho cha aliyekuja baada yako kuingia kabla yako nadhani ndicho kinachowasha moto kuliko vyote. Mtu aliyeketi tangu asubuhi akiona mwingine anapitishwa, na hajui kwamba huyo moyo wake unasimama, atadhani kapitishwa kwa kujuana. Na nani atamlaumu, kama hakuna aliyempa maelezo mengine?

Kuna kimya kimoja kibaya zaidi, kile kinachokuja baada ya kosa. Dawa imekosewa, kifaa kimesahaulika, mtoto hakusikilizwa mapigo kwa wakati. Ghafla kila mtu anakuwa na shughuli. Daktari aliyekuwa anapita kila asubuhi haonekani, faili linatafutwa, na ndugu wanajibiwa na mtu ambaye hakuwapo. Wanaonyamaza wanadhani wanajikinga na mahakama. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan ilifanya kinyume kuanzia mwaka 2001: kosa likitokea inachunguza haraka, inamweleza mgonjwa ukweli, inaomba radhi, na pale ilipokosea inalipa fidia bila kungoja kuburuzwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kesi za mahakamani zilishuka kutoka 2.13 hadi 0.75 kwa kila mahudhurio 100,000. Mimi hili halinishangazi hata kidogo. Familia nyingi zilizofiwa nilizopata kuzisikia zilikuwa zinataka kujua kilichotokea, kisemwe na mtu aliyekuwapo, anayewatazama usoni. Wakinyimwa hicho ndipo wanapotafuta wakili, kwa kuwa amebaki kuwa njia pekee ya kupata jibu.

Upande wetu ndugu wa wagonjwa nao una kazi. Siku ile tulikuwa watu sita kwa mgonjwa mmoja, na kila mmoja alikwenda mezani kwa wakati wake kuuliza swali lilelile. Yule dada aliulizwa habari za kitanda cha sita labda mara kumi kabla ya saa saba, na alikuwa na vitanda vingine ishirini na saba. Siku hizi tunamchagua mmoja, tunamtambulisha kwa muuguzi wa zamu kwa jina, na wengine wote wanamuuliza yeye. Maswali tunayaandika kwenye karatasi kabla daktari hajapita, maana akishafika ulimi unakauka. Na swali langu la kwanza limebadilika. Zamani nilikuwa nauliza, "Ataitwa saa ngapi?", na mara nyingi hakuna anayeweza kulijibu hilo kwa ukweli. Sasa nauliza, "Nani atatuambia, na atarudi saa ngapi?"

Mara ya mwisho niliuliza hivyo nilipokuwa na shangazi, amelazwa anasubiri majibu ya kipimo cha kifua. Muuguzi alikuwa kijana, beji yake imegeuka nyuma kwa mbele. Alisita kidogo, akaigeuza beji ili nisome jina lake, akasema, "Kwa kweli sijui, maabara hawajatuambia. Nitaulizia, nije saa nane." Shangazi aliniomba nimwekee saa mahali anapoiona.

Saa nane na dakika kumi alirudi, anahema kidogo, ametoka kwenye ngazi. Majibu yalikuwa bado. Shangazi akasema, "Asante, mwanangu," akavuta shuka mpaka shingoni, akageukia ukutani, akalala.